Taa kubwa zimezima ghafla: kufika salama, kutafuta hitilafu na kuitengeneza kwenye Corolla ya zamani

Mwongozo huu umelenga Toyota Corolla za 100 na 110, zile za miaka ya 1990 ambazo bado zimejaa barabarani Tanzania na Kenya. Magari mengine mengi ya rika hilo yanafanana nazo: kila taa ina balbu moja ya H4 ya volti 12, na ndani yake mna nyuzi mbili, ya dimu (mwanga wa chini) wati 55 na ya fuli (mwanga wa juu) wati 60.

Kabla hujakimbilia dukani kununua balbu, angalia taa zimezimaje. Ni moja au zote mbili? Dimu tu, au na fuli pia? Ghafla au taratibu? Majibu hayo yanakuonyesha pa kuanzia. Kwenye gari la zaidi ya miaka 20, soketi iliyoungua, swichi iliyochoka na erthi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi na hasi ya betri) yenye kutu vina nafasi sawa na balbu ya kuwa chanzo.

Zikizima ukiwa kwenye mwendo usiku

Usikanyage breki kwa nguvu, maana aliye nyuma yako hajui kilichokupata. Ondoa mguu kwenye mafuta, washa hazadi, na papo hapo vuta mkono wa taa kuelekea kwako kama unayempigia mwenzako fuli, kisha ushikilie. Kwenye Toyota hizi njia hiyo huwasha fuli bila kupitia swichi ya kuzungusha iliyo kwenye mkono huohuo, hivyo mara nyingi utapata mwanga wa kukutoa barabarani hata kama swichi imekufa. Toka kabisa kwenye lami, usiishie ukingoni tairi mbili zikiwa bado barabarani.

Weka pembetatu angalau mita 50 nyuma ya gari, na zaidi kama ni barabara kuu au kuna kona. Wengi huweka matawi ya miti. Yanasaidia mchana, lakini usiku hayaakisi mwanga, basi yasiwe badala ya pembetatu. Ukiyaweka, yatoe unapoondoka. Matawi yaliyoachwa njiani yameshamtia taabu zaidi ya bodaboda mmoja.

Sasa fanya haya, tochi ya simu ikiwa mkononi:

1. Badilisha dimu kwenda fuli na kurudi. Kumbuka kipi kinawaka.
2. Zima swichi ya kuzungusha, kisha vuta mkono. Fuli zikiwaka, nyuzi za fuli, fyuzi na rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) ni nzima.
3. Fungua boneti, mwenzako azungushe swichi ya taa huku wewe umegusa rilei ya HEAD kwenye boksi la fyuzi. Unatakiwa kusikia au kuhisi "tik".
4. Chomoa fyuzi za HEAD LH (taa ya kushoto) na HEAD RH (taa ya kulia) moja moja na uzitazame. Ukubwa wake umeandikwa kwenye kifuniko cha boksi, mara nyingi ni 15A, rangi ya bluu.
5. Sukuma soketi nyuma ya kila balbu na uitikise kidogo. Taa ikipepesa umeshapata pa kuanzia.

Fyuzi ikiwa imekatika na huna ya akiba, azima ya ukubwa uleule kutoka sehemu isiyo ya lazima usiku huo, kama redio au feni ya AC. Usifunge waya wala karatasi ya sigara. Waya wa taa ukigusa bodi, kitakachoungua ni mkongo mzima wa nyaya nyuma ya dashibodi.

Rilei ikiwa haitoi "tik", jaribu kuibadilisha na nyingine ndani ya boksi hilohilo yenye namba ileile na miguu iliyopangwa vilevile. Kufanana kwa umbo tu hakutoshi.

Taa moja ikibaki nzima, hakikisha iko upande wa kulia, ule wa katikati ya barabara, ikibidi kwa kuhamisha balbu. Gari chongo linalowaka taa ya kushoto peke yake huonekana kama pikipiki iliyo pembeni, na anayekuja mbele atadhani ana nafasi ya kupita. Kama zimebaki fuli pekee, ziteremshe kwa skrubu za kurekebishia mpaka mwanga uanguke kama mita 20 mbele, na uhesabu mizunguko ya skrubu ili uirudishe baadaye. Ukiwa hivyo nenda kilomita 40 kwa saa, ufike penye maegesho yenye ulinzi, ulale. Kwa taa za pakingi na hazadi peke yake usisafiri: unaonekana, lakini wewe huoni mtu wala ng'ombe.

Jinsi zilivyozima inasema nini

Dimu ya upande mmoja imekufa na fuli yake ipo: hiyo ni balbu, karibu kila mara. Uzi wa dimu ndio unaofanya kazi usiku kucha, kwa hiyo ndio unaotangulia.

Upande mmoja umekufa wote, dimu na fuli: anza na fyuzi ya upande huo, kisha mguu wa pamoja kwenye soketi, ule unaohudumia nyuzi zote mbili. Nyuzi mbili kukatika kwa pamoja ni nadra.

Dimu zote mbili hazipo lakini fuli zipo: watu husema "balbu zimeungua zote mara moja". Huenda ya kwanza ilikufa mwezi uliopita na dereva hakuona kwa sababu mjini kuna taa za barabarani, mpaka ya pili ilipofuata. Lakini kama nyuzi ni nzima, tatizo ni kontakti (shaba zinazogusana) ya dimu ndani ya swichi ya usukani, yaani mkono wa taa.

Zote zimekufa, ila zinawaka ukivuta mkono: kontakti ya swichi ya kuzungusha. Zote zimekufa hata ukivuta mkono: rilei, umeme unaoilisha, au erthi ya swichi.

Zinazima baada ya dakika 15 au 20 na kurudi zikipoa: kuna kiungo kinachopata joto. Shika soketi, rilei na plagi ya swichi; yenye moto usiovumilika ndiyo yenyewe. Zinapepesa kwenye mashimo: soketi iliyolegea au terminali za betri. Zinafifia taratibu pamoja na taa za dashibodi: alteneta haichaji. Hapo zima AC, redio na kila kisicho cha lazima. Betri ya saizi ya NS60 ina takriban ampia-saa (Ah) 45, na gari linalotembea usiku na dimu, pampu ya mafuta na mfumo wa kuwasha injini hula kama ampia 20, kwa hiyo hata betri mpya haifiki saa mbili na nusu. Ya zamani inaweza kukuacha ndani ya nusu saa.

Na ile hali ya balbu kuwaka rangi ya chungwa, hafifu kama kaa la moto? Aidha erthi mbovu, aidha umeuziwa balbu ya volti 24. Balbu za H4 za malori ni za volti 24, wati 75/70, na maboksi yake yanafanana. Soma kitako cha balbu yenyewe, si boksi.

Kitu kinachowapoteza mafundi wengi kwenye Toyota

Magari mengi ya Ulaya hupeleka umeme wa chanya kupitia swichi mpaka kwenye balbu, na erthi iko palepale karibu na taa. Toyota nyingi za miaka ya 1990 ziko kinyume: ukiwasha taa, rilei hupeleka chanya moja kwa moja kwenye mguu wa pamoja wa balbu zote mbili, na swichi ya dimu na fuli ndiyo inayochagua uzi upi upate erthi.

Kwa sababu hiyo, ukibana testa kwenye bodi na kugusa soketi, balbu ikiwa imechomekwa, unaweza kupata umeme kwenye miguu yote mitatu. Umeme unapita kwenye uzi na kutokea upande wa pili, kwa kuwa erthi haijafika. Fundi asiyejua huona "umeme upo", anabadilisha balbu mara tatu, na mwisho anakata waya na kufunga erthi ya bodi kwenye soketi. Taa inawaka, na tangu siku hiyo dimu haizimi hata ukiweka fuli. Nyuzi mbili zikiwaka ndani ya balbu moja, joto hupanda na soketi huyeyuka.

Pima hivi:

1. Chomoa soketi kwenye balbu zote mbili. Washa taa, weka dimu.
2. Multimita iwe kwenye volti za DC, 20. Waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu uguse kila mguu wa soketi. Mguu mmoja unatakiwa kuonyesha volti za betri, kama 12.4. Huo ndio wa pamoja. Ukikosekana, rudi kwenye fyuzi na rilei.
3. Hamisha waya mweusi uende chanya ya betri. Gusa miguu miwili iliyobaki. Kwenye dimu, mmoja uonyeshe takriban volti 12, zikiwa na alama ya kutoa. Ukiweka fuli, usomaji uhamie mwingine. Usipohama, au ukikosekana kote, swichi ya usukani au erthi yake ndiyo mbovu.
4. Pima balbu kwa omu. Uzi mzima ukiwa baridi husoma chini ya omu 1. Balbu inayoonekana safi inaweza kuwa imekatika kwenye kitako, kwa hiyo usiamini macho.

Ikiwa mguu mmoja una erthi muda wote na chanya inahama kati ya ile miwili mingine, gari lako ni la mfumo wa Ulaya, au mtu alishalibadilisha.

Kubadilisha balbu

Zima taa, ingoje ipoe. Vuta soketi moja kwa moja bila kuisokota. Toa mpira wa vumbi, bonyeza kilipi cha waya na ukifungue pembeni; kishike, kina tabia ya kuruka. Balbu ya H4 ina masikio matatu yasiyolingana, inakaa namna moja tu. Ikikataa usilazimishe, izungushe mpaka ikae sambamba. Balbu iliyokaa mshazari itawaka vizuri tu, ila mwanga wake utapiga juu ya miti.

Usishike kioo kwa vidole. Mafuta ya ngozi huungua juu ya kioo, sehemu hiyo hupata joto kuliko nyingine, na balbu hufa mapema. Ukiigusa, ifute kwa spiriti na kitambaa safi. Rudisha mpira wa vumbi na maandishi TOP yakae juu. Mpira uliochanika ubadilishwe: maji na vumbi vikiingia, kioo cha ndani kinachoakisi mwanga hubabuka, na hicho hakirudi kwa kufuta.

Balbu za wati 100/90 usiweke kwenye nyaya za kiwandani. Wati 55 huvuta kama ampia 4.6, wati 90 huvuta 7.5 kwenye soketi ileile. Kuhusu LED za bei ya chini, ubaya wake ni kwamba vijitaa havikai pale uzi ulipokuwa. Kioo kilibuniwa kwa uzi ulio mahali mahususi, hivyo mwanga husambaa, anayekuja anapofuka, na wewe mbele unaona weupe wa karibu tu.

Balbu zikiungua kila mara

Injini ikizunguka juu kidogo ya sailensa (mwendo wake bila kukanyaga mafuta), kama mizunguko 2000 kwa dakika, pima volti kwenye betri. 13.8 hadi 14.5 ni salama. Ikipita 15, regyuleta ya alteneta, yaani kidhibiti chake cha volti, imekufa. Volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, maisha ya balbu ya halojeni hupungua karibu nusu, na hapo ndipo mbili hufa wiki moja. Tengeneza alteneta kwanza. Vinginevyo utaichemsha na betri.

Soketi iliyoungua

Huu ndio ugonjwa mkuu wa magari haya. Chomoa soketi uitazame kwa tochi: plastiki ya kahawia, mguu uliolegea, au ungaunga wa kijani kwenye shaba. Kusugua kwa msasa kunakupa siku chache tu, maana chuma kilichopata moto kimeshapoteza ukakamavu wa kubana.

Nunua soketi za H4 za kauri, mbili, zenye mikia ya waya. Chomoa hasi ya betri. Kata waya mmoja, uunganishe, ndipo uende wa pili. Ukikata yote mitatu pamoja utachanganya dimu, fuli na wa pamoja. Rudi nyuma kama sentimita 5, ukiona shaba bado ni nyeusi endelea kukata hadi ing'ae. Unganisha kwa lehemu au viungo vya kubana, kila kiungo usawa tofauti na mwenzake, kisha vika mpira unaojibana kwa moto. Solotepu karibu na injini hulainika na kuachia.

Swichi ya usukani

Chomoa hasi ya betri. Kama usukani una eabegi, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Fungua skrubu za chini za kifuniko cha usukani, chomoa plagi ya swichi na uikague: mguu uliobadilika rangi ndio wenye tatizo. Ukiamua kuifungua swichi yenyewe, ifungulie ndani ya trei au mfuko wa nailoni, kwa sababu kuna springi na vijiduara vidogo ambavyo vikianguka kwenye zulia la gari ndio kwaheri. Grisi iliyokauka na kuwa nyeusi isafishe kwa dawa ya kontakti, shaba iguswe kidogo na msasa wa 1000, kisha paka grisi mpya ya umeme.

Kontakti iliyochimbika haisafishiki. Swichi iliyotumika kutoka Japani inafaa, lakini nenda na ya kwako dukani. Yenye taa za ukungu huwa na waya za ziada, na plagi inaweza kufanana kwa nje tu.

Taa zinawaka lakini hafifu

Washa injini na dimu. Pima betri, kisha pima kati ya mguu wa pamoja na wa dimu nyuma ya soketi, balbu ikiwa inawaka. Tofauti ya nusu volti inavumilika. Betri ikiwa 13.8 na balbu inapata 11.5, mwanga umeshuka kukaribia nusu, kwani mwanga wa halojeni huporomoka haraka kuliko volti. Volti hizo zinapotelea kwenye nyaya, swichi na erthi.

Safisha kwanza erthi: fungua bolti ya waya wa erthi kwenye bodi, kwangua rangi na kutu hadi chuma cheupe, funga, paka grisi. Isipotosha, jenga njia mpya kwa rilei mbili za 30A, moja ya dimu na moja ya fuli, fyuzi mbili za 20A zikiwa karibu na betri, na waya wa milimita mraba 2.5. Soketi ya zamani ya upande mmoja itumike kuamsha rilei tu: miguu 85 na 86 ya rilei ya dimu iende kwenye mguu wa pamoja na wa dimu, na ya rilei ya fuli iende kwenye wa pamoja na wa fuli. Koili, yaani waya wa ndani unaoamsha rilei, haijali chanya iko upande upi, hivyo mfumo wa Toyota haukusumbui. Chanya ya betri ipite fyuzi iingie mguu 30, mguu 87 uende kwenye balbu zote mbili, na mguu wa pamoja wa balbu uende erthi safi. Soketi ya zamani ya upande wa pili ifungwe vizuri isiguse kitu. Swichi ya usukani sasa inabeba mkondo mdogo tu wa koili na haichemki tena.

Kupanga mwanga

Upepo wa tairi uwe sawa, dereva akae ndani, gari liwe kwenye sakafu bapa mita 10 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, chora mstari huo ukutani, kisha mwingine sentimita 10 chini yake. Kwenye dimu, ukingo wa juu wa mwanga ukae kwenye mstari wa chini. Nafasi ikiwa mita 5, tumia sentimita 5. Funika taa moja unaporekebisha nyingine, na gari likiwa la mizigo lipange likiwa na mzigo wake wa kawaida.

Kwa gari la Japani, mwanga hupanda kidogo upande wa kushoto, na hivyo ndivyo inavyotakiwa Tanzania, Kenya na Uganda. Gari hilohilo likivuka kwenda Rwanda, Burundi au Kongo, ambako watu hupita kulia, ule upande unaopanda unamwelekea dereva anayekuja. Kwa safari fupi teremsha taa zote mbili kidogo. Likihamia huko moja kwa moja, tafuta taa nzima zilizotengenezwa kwa nchi za kupita kulia.